Magofu Yanayotoa Maji

Mhakiki wa Kiswahili atajapo magofu, aghalabu fikira zake huelekea Pate. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir imewazoesha wasomaji kuta zilizohamwa na wenyewe zikarithiwa na popo. Mazoea hayo yana kasoro: yamelifanya gofu kuwa mali ya pwani peke yake.

Katika karne ya 18, Mwitalia Giovanni Battista Piranesi (1720–1778) alitoa mfululizo wa picha 135 za mandhari ya Roma. Alichora mistari juu ya bamba la shaba lililopakwa nta, tindikali ikaila mistari hiyo, kisha bamba likatiwa wino na kupigwa chapa. Humo tao la Septimius Severus limefukiwa nusu yake, na uwanja uliokuwa kitovu cha dola umekuwa malisho. Wenyeji waliuita Campo Vaccino, yaani uwanja wa ng'ombe. Wahakiki huona hapo ishara ya anguko. Mfugaji wa Garissa pengine angeuliza jambo jingine: mifugo hiyo hunyweshwa wapi?

Si swali la mzaha. Uwanjani palikuwa na birika la mawe walilonywea ng'ombe, likahamishiwa Quirinal mwaka 1818. Gofu, kumbe, lilikuwa na kazi.

Ndivyo ilivyo Kaskazini Mashariki mwa Kenya. Huko athari za wahenga hazikusimama juu ya ardhi. Zimezama ndani yake. Visima vya kale vya Wajir, Buna na El Wak vilichimbwa katika mwamba, na wazee wa Kisomali husimulia kuwa wachimbaji ni Wamadanle, watu wa maumbo makubwa waliokwisha kuondoka. Iwapo kweli walikuwa majitu, hilo si hoja. Hoja ni kwamba visima vingali vikinywesha ngamia, na masimulizi yake hayamo katika silabasi ya fasihi simulizi ya Kiswahili.

Itasemwa kuwa hayo ni masimulizi ya Kisomali. Naam, lakini Kiswahili hakikuona haya kupokea visa kutoka Uarabuni, wala kutafsiri tamthilia za Shakespeare. Mwanafunzi wa Garissa amezimiliki lugha zote mbili. Anapopewa kazi ya utafiti nyanjani, asipelekwe Lamu kabla hajaketi na mnyweshaji wa ngamia, naye bado yu hai na kumbukumbu zake.