Tairi Yako Inang'aa Kuliko Akili Yako

Mnaijua ile vidio. Mnanitumia kwa inboksi kila wiki. Tairi imejaa matope, muziki unaanza, brashi inapita, povu linateleza, halafu sponji inazunguka mara moja na tairi inakuwa nyeusi tii, kama imetoka kiwandani leo asubuhi. Komenti zote ni moto moto. "Kazi safi sana hii." "Hapo ni wapi na ni pesa ngapi?" Mimi mwenyewe nilishatengeneza moja ya hizo vidio. Bado iko kwa ukurasa wangu na siifuti, ju nataka uiangalie ukimaliza kusoma hapa.

Sasa ukitaka kuacha kunifuata, acha leo: hiyo polishi ya tairi, vile sisi tunaitumia hapa Kenya, mara nyingi ni uongo unaopakwa na sponji.

Naongea kama mtu aliyeupaka. Nilipotoka chuo mwaka wa pili, mambo ya karo, hadithi ya siku nyingine, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kuosha magari. Mahali penyewe palikuwa kando ya yadi ya kuuza magari yaliyotumika. Sitaji barabara wala jina. Wateja wa kawaida walikuwa wanakuja wikendi, lakini katikati ya wiki mkate wetu ulikuwa yadi. Mdosi wa hapo alikuwa na maneno mawili tu kwangu: "Kijana, weusisha." Nilikuwa nalipwa hamsini bob kwa gari moja, tairi zote nne, na kama iko na spea, spea pia.

Na niliweusisha. Tairi zenye nyufa ubavuni kama tope la ziwa lililokauka. Ukipaka ile mafuta nzito, nyufa zinajaa, zinapotea. Unarudi nyuma hatua mbili na hata wewe mwenyewe uliyepaka unaanza kuamini.

Mwaka wa 2022 akaja mama mmoja, mwalimu, na watoto wawili. Alikuwa ameweka akiba muda mrefu, unajua tu vile mtu anashika usukani wa gari ambayo bado si yake. Akainama, akagusa tairi ya mbele, vidole vikatoka vyeusi. Akauliza, "Hizi tairi ni mpya?" Mdosi akacheka: "Madam, si unaona vile zinang'aa?" Mimi nilikuwa nimesimama hapo na sponji mkononi. Nilinyamaza.

Wiki kama tatu hivi zikapita. Akarudi kwa miguu, na gunia. Ndani ya gunia kulikuwa na kipande cha tairi. Ilikuwa imepasuka akienda Naivasha, gari ikaingia mtaroni, mtoto mdogo akavunjika mkono. Mdosi akamwambia, "Pole madam, barabara zetu ni mbaya." Hapo ndipo yule mama alinigeukia mimi. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kijana wangu, si ni wewe ulikuwa unapaka?"

Sikuwa na jibu. Usiku huo ndio nilijua kusoma ile namba, ju nilikuwa nimeiona kwa kile kipande na sikuelewa ni ya nini. Ilisema 4814.

Hebu toka nje uangalie ya kwenu. Kwa ubavu wa kila tairi kuna namba nne zimewekwa ndani ya kibox kama yai, mara nyingi mwisho wa mstari unaoanza na herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 4814 ni wiki ya 48 ya mwaka 2014. Usipoiona upande wa nje, lala chini uangalie upande wa ndani, wakati mwingine iko huko tu. Hiyo ndiyo cheti ya kuzaliwa ya tairi na hakuna polishi inayoweza kuibadilisha.

Gari ya yule mwalimu ilikuwa halali kabisa, na hii ndiyo inanichoma. Sheria yetu inasema gari iliyotumika ikiingia nchini isizidi miaka 8. Kila mtu anaijua hiyo, kila muuzaji anaiimba. Sasa jiulize: gari ya miaka 7 ikishuka Mombasa kutoka Japan, tairi zake zina miaka mingapi? Inaweza kuwa zilezile ilizaliwa nazo. Kampuni kubwa za tairi kama Michelin zenyewe zinasema tairi ikifikisha miaka 5 ikaguliwe na fundi kila mwaka, na ikifikisha 10 itolewe hata kama bado inaonekana iko sawa. Hata kama meno yamejaa. Raba inazeeka hata ikiwa imesimama tu kwa yadi inaota jua.

Wale mnapenda sinema za magari, kumbukeni Paul Walker. Alikufa mwaka 2013 ndani ya Porsche Carrera GT. Wachunguzi walisema shida kubwa ilikuwa kasi, sitawadanganya, lakini ripoti ilitaja pia kwamba tairi za hiyo gari zilikuwa na miaka 9. Porsche, buda. Na hiyo gari ilikuwa safi kuliko yoyote utawahi kupanda.

Halafu kuna hii kitu hakuna mtu alituambia pale kwa kazi. Raba yenyewe kiasili si nyeusi, ni rangi ya maziwa. Tairi za zamani zilikuwa nyeupe-nyeupe, ndiyo maana yule jamaa mnene wa Michelin ni mweupe mpaka leo. Weusi unatoka kwa masizi yanayochanganywa na raba kiwandani ili iwe ngumu na iweze kustahimili jua. Pamoja na hayo wanaweka nta na dawa za kuzuia hewa na jua visiipasue. Hiyo dawa inatoka polepole ndani ikija juu, na ikifika juu inageuka kahawia. Ile rangi ya kahawia unayoona kwa tairi na kuiita uchafu, sehemu yake ni dawa ikifanya kazi. Kuisugua si kosa, tairi chafu lazima ioshwe. Kosa ni kile tunachopaka baadaye.

Na tunapaka nini? Hapa wasee wa kuosha magari mtanitukana, lakini mnajua nasema ukweli. Tulikuwa tunapaka dizeli. Dizeli na oili chafu ya injini, mchanganyiko kwa chupa ya maji ya kunywa, kifuniko kimetobolewa na msumari. Ni bei rahisi, inang'aa vibaya sana siku ya kwanza, na mteja anaondoka akitabasamu. Shida ni kwamba raba inakunywa mafuta. Inafura, inalainika, inapoteza nguvu. Unachukua kitu kinachobeba tani moja ya chuma na familia ya mtu kwa mwendo wa mia, unakilisha sumu yake, halafu unaitisha tipu.

Zile za dukani hazifanani pia. Kuna za maji, nyeupe kama maziwa, zina silikoni na haziumizi raba. Kuna zile nzito za mafuta zinazonata na kung'aa kama viatu vya polisi, na zikitumiwa kila wiki zinaweza kuvuta ile dawa ya ndani itoke. Soma chupa. Ikinuka kama petroli, iache.

Lakini ningekuwa na nafasi ya kupiga kelele kuhusu kitu kimoja tu, ni hiki: watu wa boda. Nimeona pikipiki imepakwa polishi tairi nzima, mpaka pale inapogusa lami, ju mwenyewe anataka kupiga picha. Tairi ya gari ni bapa chini, ya pikipiki ni mviringo. Ukilala kwa kona unasimamia ule ukingo karibu na ubavu, palepale ulipopaka mafuta. Hakuna haja nieleze kitakachofuata. Hata kwa gari, ukitumia ile ya kupuliza na ifike kwa diski ya breki, umejitengenezea shida utakayoikumbuka kwa taa nyekundu.

Sasa najua majibu yenu. La kwanza: "Wacha wivu, watu wapendeze." Mimi sina shida na gari kupendeza. Napenda gari safi kuliko wengi wenu, nimeosha mengi kuliko nyinyi mmepanda. Shida yangu ni kuwa tumeufanya mng'ao kuwa ushahidi. Mtu anaenda kununua gari ya laki saba na ukaguzi wake wote ni kuangalia kama tairi ni nyeusi. Nyeusi! Kitu nilichokuwa nafanya kwa hamsini bob na dakika kumi.

La pili, na hili ni zito kidogo: "Yule kijana wa kuosha anatafuta tu unga, muache." Ndiyo, muache. Simlaumu yeye kama ninavyomlaumu mdosi anayemtuma. Lakini msinitoe mimi kwa hesabu. Nilikuwa na njaa, kweli, na pia nilikuwa na mdomo. Vyote viwili vilikuwa kwa uso mmoja.

La tatu ni lenu nyinyi watengenezaji wa kontenti wenzangu, mnaosema "sisi tunaonyesha tu kabla na baada." Sawa. Mbona hamuonyeshi ile namba? Kamera yako iko sentimita kumi kutoka kwa tairi, sponji inapita juu yake, na hujawahi hata siku moja kusimamisha vidio useme hii ni ya mwaka gani. Hujawahi kuonyesha vile vipande vidogo vya raba vilivyo ndani ya mifereji ya tairi, ambavyo meno yakishuka yakalingana navyo unajua imeisha, zimebaki milimita 1.6. Tairi mpya ya gari ndogo huwa na kama 8. Hiyo ni kontenti, manze. Lakini haina muziki.

Kuosha tairi vizuri wala si kazi ngumu, hata nyumbani. Iache ipoe kwanza kama gari imetoka safari. Maji, sabuni, brashi ngumu, sugua ubavu mpaka povu litoke jeupe badala ya kahawia. Ukitumia mashine ya presha, usiisogeze karibu na raba, inaweza kuichana. Halafu, na hapa ndipo watu wa vidio huruka, iache ikauke na uiangalie kabla ya kupaka chochote. Tairi safi na kavu haina siri. Pitisha kidole kwa nyufa. Tafuta uvimbe ubavuni, ile nundu ya tairi iliyogonga shimo, hiyo hata usingoje kesho. Soma namba. Ukishajua ni nzima, basi paka ile ya maji, kidogo, ubavuni pekee, ngoja dakika chache, futa inayobaki na kitambaa, la sivyo itaruka kwa rangi ya gari ukianza kukimbia. Itakuwa nyeusi ya kawaida, si ya kumetameta, na iko sawa hivyo.

Na ukienda kununua gari, beba kitambaa na maji yenye sabuni kwa chupa. Futa tairi mbele ya muuzaji. Kama ni mtu wa ukweli atakuacha ufute. Akianza kusema "madam utachafuka mikono," rudi nyumbani na pesa zako.

Yule mwalimu nilimtafuta baadaye. Ilinichukua miezi kadhaa kupata ujasiri. Mkono wa mtoto ulipona. Nilimwambia kila kitu, hamsini bob na yote. Alikaa kimya, halafu akaniuliza kama nimekula. Sijui mnataka niseme nini kuhusu hilo, mimi pia bado sijui.

Jana nimeenda kwa mamangu mdogo na nikafuta tairi za Vitz yake na sabuni ya kuosha vyombo, amesimama mlangoni akiniuliza kama nimekosa kazi. Tatu ziko sawa. Ya nyuma kushoto inasoma 0913. Wekeni zenu kwa komenti, namba nne tu, bila picha za kujishaua. Na kama kuna msee anajua pa kupata 175/70 R14 mpya, mpya ya ukweli, bei ya kuongea, inboksi iko wazi, ju amesema Jumamosi lazima aende Nyeri na mimi nimeficha funguo.