Antena ni Kitako Chake
Mwanaredio wa ridhaa akiniuliza anunue antena gani ya wima, namrudishia swali: chini utatandaza nini? Kwa megahezi 14, mlingoti wa robo wimbi ni mita 5 tu. Hata uani unasimama. Nao hurusha mawimbi chini chini, karibu na upeo wa macho, yakavuka bahari. Lakini nusu ya antena hiyo imelala ardhini. Bila nyaya za shaba kutawanyika pande zote kutoka kitakoni, nguvu nyingi huishia kupasha udongo joto. Waya uleule ukiukata vipande vingi vifupi, hufaa kuliko vichache virefu. Aliye ufukweni husaidiwa na maji ya chumvi. Sisi wengine tuanze na shaba, mlingoti ufuate. Nyumba njema si mlango.