Uvimbe wa titi: picha peke yake haitoshi

Mama wa Pangani, Kibaha, akigusa uvimbe katika titi, mara nyingi hufuata moja ya njia mbili: hunyamaza kwa hofu ya kansa, au hupigwa picha ya ultrasaundi na kurudi akisema, "Si kansa, nimemaliza." Ya kwanza hukemewa sana. Leo tuitazame ya pili.

Ultrasaundi ni chombo chema. Hutumia mawimbi ya sauti, si mionzi, hivyo haimdhuru mjamzito wala anayenyonyesha. Huonyesha kama uvimbe una maji au ni nyama, ukubwa wake, na kama kingo zake ni laini.

Uvimbe mwingi wa titi si kansa. Kwa wasichana ulio wa kawaida ni faibroadenoma, mgumu kiasi, unaoteleza chini ya kidole. Lakini upo mwingine wa nadra, filodesi, usiofikia hata mmoja katika kila uvimbe 100 wa titi. Kwenye picha aina hizi mbili huweza kufanana kama mapacha. Filodesi nayo mara nyingi si kansa, ila huweza kukua upesi, na isipokatwa pamoja na nyama nzima kidogo inayoizunguka huweza kurudi. Baadhi yake ni kansa kweli. Ili kuzitofautisha, daktari huhitaji kipande cha nyama kinachotolewa kwa sindano na kupimwa maabara. Pengine hadi uvimbe wote utolewe.

Kwa hiyo, mama asiondoke hospitali bila kuuliza: Uvimbe una sentimita ngapi? Nirudi lini? Je, nahitaji kipimo cha sindano? Majibu yaandikwe na karatasi itunzwe, ili picha ya pili ilinganishwe na ya kwanza. Uvimbe ukikua upesi, asingoje tarehe.

Nanyi akina baba, msiseme, "Si ulishapima?" Nauli ya kurudi Tumbi ni wajibu wa familia, ikishindikana, jumuiya ndogo ndogo isaidie. Akina mama wa WAWATA nao wamkumbushe mwenzao tarehe yake, kwa kumtunzia siri.

Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka. Kumheshimu ni pamoja na kurudi anapotuita.