Taa Kali za Baisikeli: Kosa Liko Wapi?

Twaomba nafasi tujibu maneno yaliyosemwa katika baraza ya kijiji chetu mwezi uliopita, maana yamekwisha kuenea hata vijiji vya jirani. Kijana mmoja alikuwa akishuka mlimani usiku, amefunga kwenye usukani wa baisikeli yake tochi ya kisasa yenye mwanga mkali mno. Mzee mmoja alikuwa akipanda kwa miguu. Mwanga ukampiga usoni, asione tena njia wala ukingo wake, akatumbukia mtaroni na kuteguka kifundo cha mguu. Kijana akapita zake, wala habari hakuwa nayo. Baraza ilipokutana watu walikuwa na hasira, na shauri lililoitikiwa kwa sauti kubwa ni hili: taa kali zisionekane tena juu ya baisikeli, atakaye kwenda usiku aende kwa mbalamwezi kama baba zetu, au kwa kitochi kidogo.

Sisi twamhurumia mzee yule. Ni jirani yetu, na tumekwenda kumtazama. Walakini shauri lile twalikataa.

Wenye kutaja mbalamwezi wamesahau kwamba baba zetu wa zamani walikwenda kwa miguu. Atembeaye akijikwaa huumia kidole. Lakini mwenye baisikeli aendaye kilometa 20 kwa saa hupita zaidi ya mita 5 katika kila sekunde. Tangu jicho lione shimo mpaka mkono ukamate breki hupita sekunde moja na zaidi. Basi amekwisha kwenda mita 6, pengine 8, kabla mwendo haujaanza kupungua. Je, kitochi kimulikacho mita 5 chamsaidia nini? Chamwonyesha shimo ambalo hawezi tena kuliepuka. Na mwezi nao hautoki kwa amri ya baraza.

Tena ilisemwa kwamba waendao usiku ni wazururaji tu. Twashangaa sana! Wanafunzi wetu wakaao mbali hutoka nyumbani kabla ya alfajiri. Mume ambaye mkewe ameshikwa na uchungu usiku wa manane humpakia juu ya kiti cha nyuma, akamkimbiza zahanati. Je, hao ni wazururaji? Mwaka jana mwanafunzi wetu mmoja, mwenye kitochi kidogo hivyo hivyo kinachosifiwa leo, alimgonga ng'ombe mweusi aliyelala katikati ya barabara, akapoteza meno mawili ya mbele. Hatukusikia baraza ikiitishwa kwa ajili ya meno yake.

Na tuitazame taa yenyewe. Wengi wetu twaikumbuka dinamo ya baba, iliyosugua tairi na kulia kama nyuki: volti 6, wati 3, na balbu yake iligeuza sehemu kubwa ya nguvu hizo kuwa joto tu. Mwanga wake haukumdhuru mtu, maana ulikuwa kidogo. Lakini mwaka 1993 Mjapani Shuji Nakamura alitangaza taa ya LED ya rangi ya buluu yenye nguvu, na kutokana nayo ikapatikana nyeupe. Yeye na wenziwe Akasaki na Amano walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Kwa ajili hiyo mwanga ambao zamani ulikuwa wa motokaa leo waning'inia kwenye usukani wa kijana wa kidato cha pili. Nguvu imekuja, adabu yake haijafika.

Adabu hiyo ndiyo tunayoidai. Jicho lililozoea giza lahitaji nusu saa hivi kulizoea tena kikamilifu baada ya kupigwa na mwanga mkali, na macho ya wazee hukawia zaidi kupona. Dereva wa motokaa akikutana na mwenziwe hushusha taa zake. Mbona wa baisikeli asishushe? Huko Ujerumani kanuni yataka taa ya mbele ya baisikeli isiwapofushe wengine, na taa ya kupepesa imekatazwa. Wao hawakuipiga marufuku nguvu, bali waliukata mwanga juu, ukaanguka barabarani unakotakiwa. Na Mapatano ya Vienna ya mwaka 1968 yataka baisikeli iwe na taa mbele na taa nyekundu nyuma. Hiyo ya nyuma, tukiri, karibu sisi sote hatunayo, ingawa malori hutujia kutoka nyuma.

Wauzaji nao tusiwaache. Tochi huandikwa namba za kutisha, na betri zake huandikwa 9,900. Betri ile ya namba 18650 maana yake ni upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, basi; na hata iliyo bora kabisa ya kipimo hicho haifiki 5,000. Kijana hudanganywa, kisha kwa kuogopa kwamba mwanga hautoshi huinua tochi juu. Hapo ndipo mzee alipoangukia mtaroni.

Basi kabla baraza haijakutana tena, twaomba jambo moja lijaribiwe. Isimamishe baisikeli mita 10 kutoka ukutani, mahali tambarare. Pima kimo cha taa kutoka chini. Inamishe taa hata kiini cha mwanga wake ukutani kiwe nusu ya kimo hicho. Hapo njiani itapiga ardhi mita 20 mbele yako, nawe utapata nafasi ya kusimama. Kwa kuwa tochi ya duara hutawanya mwanga hata juu, funga kipande cha bati juu ya kioo chake, kitokeze kama ukingo wa kofia. Kazi hii ni ya dakika chache, na bati la kopo la maziwa latosha.

Ukuta wa shule yetu umepakwa chokaa, na kiwanja chake ni tambarare. Jumamosi baada ya jua kutua tutakuwapo na mkasi wa bati na kamba ya kupimia. Yule kijana ameahidi kuja, na mzee amesema ataletwa, akae kitini upande wa pili, atuambie mwenyewe kama macho yake yanauma.