Kazi ya Gizani

Juma hili twende pamoja hadi Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, katika nchi za baridi za kaskazini. Huko, tarehe 10 Agosti 1628, merikebu mpya ya mfalme, jina lake Vasa, iling'oa nanga ikiwa na mizinga 64. Haijaenda hata meta 1,500, upepo uliilaza ubavu, maji yakaingia kwa madirisha ya mizinga, ikazama. Watu wapatao 30 walikufa.

Je, wakubwa hawakujua hatari? Walijua. Kabla ya safari, mabaharia 30 walikimbizwa juu yake toka upande huu hadi upande ule, nayo ikayumba vibaya hata jaribio likakatizwa. Lakini mfalme, aliyekuwa vitani ng'ambo, aliitaka upesi. Basi wakanyamaza.

Mwaka 1956 Anders Franzén, aliyeitafuta miaka kadhaa, aliteremsha chuma chenye ncha, kikapanda na kipande cha mti mweusi. Mpiga mbizi Per Edvin Fälting akashuka meta 32. Hakuona kitu, akapapasa kwa mikono, akagusa ukuta wa mbao na safu mbili za madirisha. Merikebu ilikuwa nzima! Kwa kuwa maji ya bahari ya Baltiki yana chumvi kidogo, mdudu atobaye mbao za vyombo hawezi kuishi humo.

Ndipo wapiga mbizi, wamevaa kofia za shaba na kuvuta hewa kwa mpira, wakachimba njia sita chini ya merikebu ili kupitisha kamba za chuma. Walilala topeni, katika giza na baridi kali, na juu yao uzito wa mbao na mawe. Kazi hiyo ilichukua miaka ipatayo miwili, wala hakufa hata mmoja wao. Tarehe 24 Aprili 1961 Vasa ilitoka majini, baada ya miaka 333. Hata leo yatazamwa katika nyumba ya makumbusho mjini humo.

Tuyapime basi makundi haya mawili. Wale wa kwanza walikuwa na mwanga wa mchana. Waliona kosa, wakafunga midomo. Wale wa pili hawakuona kitu, lakini hawakupiga hatua bila kuipima kwa mkono. Nawe, kijana wa shule, siku utakayoona kosa katika kazi ya mkubwa wako, utasimama na kundi lipi?