Damu ya Manyatta, Hataza ya Nani?

Wapenda mageuzi wa Kisumu wanaukumbuka mwaka wa 1990 kwa machozi na kwa ujasiri. Mwezi wa Februari aliuawa Dkt. Robert Ouko, mwana wa ziwa hili. Mwezi wa Julai ikaja Saba Saba, na madai ya vyama vingi yakajibiwa kwa risasi. Kilichosahauliwa na wengi ni kwamba mwaka huo huo Serikali ya chama kimoja iliwatangazia wananchi ushindi mara mbili katika uwanja wa sayansi: gari lililoundwa na Wakenya, na dawa ya ukimwi. Inatupasa kuvikumbuka vyote viwili leo, wakati vyuo vikuu vyetu vinapoimba wimbo mmoja, kwamba utafiti sharti uzae biashara na manufaa kwa jamii.

Tuanze na gari. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, hata kama lingekuwa na sura mbaya na mwendo wa pole. Wahandisi hawakumwangusha. Waliunda magari matano, wakayaita Nyayo Pioneer, nayo yakaweza kukimbia kilomita 120 kwa saa. Yakazinduliwa kwa shangwe, na shirika la umma likaundwa ili kuyatengeneza kwa wingi. Hakuna mwananchi aliyepata kulinunua hata moja. Fedha zilikosekana, na baadaye shirika lile likabadilishwa jina na kupewa kazi ya kuchonga vipuri. Kasoro haikuwa katika vichwa vya wahandisi. Kasoro ilikuwa kwamba jambo lililoamriwa na Rais halikuwa na mtu wa kuliuliza maswali ambayo mchuuzi yeyote wa samaki pale Kibuye huyauliza kabla ya mapambazuko: nani atanunua, kwa bei gani, na mtaji utatoka wapi mwezi ujao?

Gari lilipoteza fedha. Kemron ilipoteza zaidi ya fedha. Taasisi ya Utafiti wa Tiba, KEMRI, ilitoa habari kwamba interferoni, ikinywewa kwa kiasi kidogo sana na kuyeyushwa mdomoni, huwapa nafuu wagonjwa wa ukimwi. Utafiti wenyewe ulihusu wagonjwa wapatao arobaini tu, wala haukuwa na kundi la wagonjwa waliopewa kidonge kitupu ili kulinganisha. Hata hivyo, Rais mwenyewe aliizindua dawa ile, na tangu siku hiyo kuitilia shaka kukawa kama kulitukana taifa. Wagonjwa walimiminika Nairobi, wengine kutoka ng'ambo. Majaribio makubwa zaidi yaliyofanywa baadaye, yakiwamo yale ya Kampala, hayakuona faida yoyote. Sisi wa Nyanza, ambao tulizika kuliko jimbo jingine lolote la nchi hii, hatuhitaji kuelezwa thamani ya matumaini ya uongo.

Hatusemi haya ili kuwacheka wasomi. Wala hatumo miongoni mwa wanaodhani kwamba mtafiti akiuza alichokigundua ametenda dhambi. Ujuzi unaofungiwa katika maktaba ya chuo haumlishi mtu. Tunachosema ni kwamba madai yaliyotuingiza barabarani, kwamba mwenye mamlaka aulizwe na mwenye fedha za umma atoe hesabu, hayakuishia penye sanduku la kura. Yanaufikia pia mlango wa maabara.

Mfano wa kazi iliyofanywa vizuri hauko mbali nasi. Upo Mbita, ng'ambo ya ghuba, katika kituo cha ICIPE, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Huko, kuanzia miaka ya 1990, watafiti wa ICIPE pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, waliikamilisha mbinu ya sukuma-vuta. Mkulima hupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, na nyasi za nepia pembezoni mwa shamba. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo ambao viwavi vyao hutoboa mabua. Nepia huwavuta nje ya shamba. Na zaidi ya hayo, mizizi ya desmodiamu huiua kayongo, yule mchawi wa mashamba yetu ambaye mama zetu walimng'oa kwa mikono mwaka baada ya mwaka bila kummaliza. Hapakuwa na chupa ya kuuza. Mkulima alimfundisha jirani yake, naye akajikatia nyasi za ng'ombe na kupata maziwa. Biashara iliyozaliwa ilikuwa ya mbegu, na hata hapo kulikuwa na tatizo, kwa kuwa kwa muda mrefu mbegu ya desmodiamu ilikuwa adimu na ghali. Lakini shida hiyo ilijulikana kwa sababu wakulima waliisema na watafiti wakaiandika. Hiyo ndiyo tofauti kati ya Mbita na Kemron.

Sasa turudi hapa Manyatta, kwa sababu hatari ya siku hizi si ile ya Rais kuamuru. Ni ya namna nyingine, na huja na karatasi ya kutia sahihi.

Mwaka 2000 taifa lilishuhudia ugomvi kuhusu chanjo ya ukimwi. Tangu miaka ya 1980 wanawake maskini wa Majengo, Pumwani, waliokuwa wakiishi kwa kuuza miili yao, walikuwa wametoa damu kwa watafiti wa vyuo vikuu vya Nairobi na Manitoba. Ikaonekana kwamba baadhi yao hawaambukizwi ijapokuwa wanakutana na virusi mara kwa mara. Kutokana na siri hiyo ya miili yao, Nairobi na Oxford zikabuni chanjo. Kisha ikafichuka kwamba wenzetu wa Uingereza wameomba hataza, yaani cheti cha kumiliki uvumbuzi, bila kuwataja Wakenya. Wasomi wa Nairobi walipiga kelele, kwa haki kabisa, na mkataba ukarekebishwa. Chanjo yenyewe haikufaulu, ikaachwa. Lakini sisi tulio katika taaluma ya sheria hatuna budi kuuliza: katika mvutano ule wa chuo na chuo, mwanamke wa Majengo alikuwa upande gani wa mezani? Hakuwa upande wowote.

Ndugu zetu wa Manyatta wanaelewa kwa nini tunauliza. Mtaa huu ni miongoni mwa sehemu mbili za nchi hii zilizochaguliwa kwa utafiti wa CHAMPS, unaoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, pamoja na KEMRI, ili kujua hasa nini kinachowaua watoto wetu wadogo. Wazazi waliofiwa waliombwa ruhusa ili sindano ichukue chembe za mwili wa marehemu kabla ya mazishi, na wako waliokubali. Tunawaheshimu sana. Hakuna sadaka kubwa kuliko hiyo iliyotolewa katika kanisa lolote la mtaa huu. Na kabla yao, watoto wa Kombewa na Siaya walishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria yaliyoanza mwaka 2009. Chanjo ile ilifaulu, na Septemba 2019 ikaanza kutolewa kwa watoto wa Homa Bay kabla ya maeneo mengine ya Kenya. Hayo ni manufaa ya kweli, na anayeyakana ni mchoyo wa ukweli. Lakini mwenye chanjo ni kampuni ya Uingereza, na ilipotafutwa nchi nyingine ya kuitengeneza, ikachaguliwa India.

Wako wanaojibu hali hii kwa uvumi, kwamba watafiti ni wanyonya damu na magari yao yanabeba watu usiku. Tunawasihi viongozi wa makanisa wasiuvumilie upuuzi huo. Uvumi ni silaha ya mtu aliyenyimwa nafasi ya kuuliza. Akipewa nafasi, huiweka chini.

Je, sheria inasemaje? Ibara ya 11 ya Katiba ya 2010 inatambua nafasi ya sayansi na ya ujuzi wa kienyeji katika maendeleo ya taifa. Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 inampa mwajiri uvumbuzi wa mfanyakazi wake, na inamkumbuka mfanyakazi huyo iwapo uvumbuzi una thamani ya kipekee. Aliyetoa damu haimkumbuki. Sheria ya Ujuzi wa Jadi ya 2016 inamlinda angalau anayejua dawa ya miti: asichukuliwe ujuzi wake bila ridhaa na mgawo, na kaunti ina wajibu wa kuusajili. Na sheria ya sayansi ya 2013 iliahidi utafiti asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka, ahadi ambayo haijapata kutimizwa. Serikali isiyolipia utafiti hukaa kimya pale mgeni aliyeulipia anapoandika masharti.

Basi mtafiti atakapokuja tena kuomba nafasi ya kusema baada ya ibada au katika mkutano wa akina mama, apewe, na kwa adabu aulizwe. Kitu kikiuzwa, ni fungu gani litakalorudi katika zahanati ya mtaa, na limeandikwa katika kifungu kipi? Karatasi ya ridhaa iko kwa Dholuo na kwa Kiswahili? Kamati ya kushauri utafiti, wajumbe wake walichaguliwa na wakazi au waliteuliwa afisini? Matokeo yatasomwa wapi, hapa au katika mkutano wa hoteli?

Asipojibu, liko jambo la kufanya ambalo halihitaji wakili. Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 zinampa kila raia haki ya kukiandikia chuo kikuu cha umma, au taasisi kama KEMRI, kuomba habari, na mikataba ni habari. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, wala halitozwi ada, isipokuwa gharama ya nakala. Asiyejua kuandika ana haki ya kusaidiwa na afisa yule yule anayeombwa. Jibu sharti litoke katika siku 21. Yakikataliwa, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ndani ya siku 30. Wanachama wetu watakaotaka kuandika barua ya kwanza waje na tarehe ya mkutano, jina la mradi, na nakala ya karatasi waliyotia sahihi, ikiwa waliachiwa nakala.