Mafuta Tuliyookoa Mteremkoni

Mwezi huu tunaomba tuyaweke kando mambo ya jikoni, tuongee kidogo juu ya gari. Siku hizi wengi wetu tunaendesha wenyewe, tukiwapeleka watoto shule na kufuata samaki Mwaloni Kirumba. Na gari lenyewe mara nyingi ni la zamani, lililopita katika mikono ya wengine kabla ya kufika kwetu.

Sisi tunayo Toyota Corolla ya mwaka 1996, yenye gia za otomatiki. Mwaka 2022 petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita, gari hilo lilianza kula fedha ya nyumbani kuliko watoto. Mafuta yetu husafiri nchi kavu kutoka pwani mpaka ziwani, kwa hiyo EWURA wanapotangaza bei za mwezi, ya Mwanza huwa juu ya ile ya Dar es Salaam. Basi tukaanza kubana. Tulikuwa tumesikia kwamba dereva mjanja akifika mteremkoni huweka gia huru na kuzima injini, gari likashuka bila kunywa mafuta. Mji wetu ni wa vilima na mawe, miteremko haikosekani. Tulifanya hivyo kwa miezi kadhaa, na baba watoto naye akatusifu kwamba tunajua kutunza fedha.

Jumapili moja alasiri tulitoka kumwona mgonjwa Bugando. Hospitali iko juu ya kilima, na watoto wawili walikuwa kiti cha nyuma. Tukazima injini kama kawaida yetu. Tulikanyaga breki mara ya kwanza ikashika. Ya pili ikashika kidogo. Ya tatu ilikuwa kama kukanyaga jiwe, na usukani nao ulikuwa mzito kama wa trekta. Mbele yetu pikipiki ilikuwa imesimama, imepakia mama na mtoto mgongoni. Tulisimama juu ya breki kwa miguu yote miwili na kuvuta breki ya mkono, gari likasimama hatua chache tu kabla ya kuwafikia. Yule mama hakugeuka hata kutazama. Sisi tulikaa pale tukitetemeka mpaka magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.

Fundi wetu alicheka kwanza, halafu akakasirika. "Mama, gari unataka kuligeuza baiskeli?" Akatueleza kwamba injini inapozunguka ndiyo inayotoa nguvu ya kusaidia breki. Ukiizima, nguvu iliyobaki inatosha kukanyaga mara mbili tatu tu. Tena gia za otomatiki hupata mafuta ya kulainisha kwa pampu inayozungushwa na injini hiyo hiyo. Alipoyapima mafuta ya gia yalikuwa meusi, yananuka kuungua. Fedha tuliyolipa kutengeneza gia ilizidi petroli yote tuliyookoa.

Lililotuuma zaidi ni hili: gari la aina yetu, lisilo na kabureta, ukiachia mguu mteremkoni likiwa kwenye gia, lenyewe hukata petroli. Ukiweka gia huru huku injini inawaka, linalazimika kunywa ili lisizimike. Kumbe tungeliacha tu!

Fundi alikuta pia kwamba thamostati ilikwisha kutolewa zamani, pengine kwa hofu ya gari kuchemka. Akina mama, ulizeni kama yenu ipo. Injini isiyopata joto lake hula mafuta zaidi na huchakaa mapema. Na wenye gia za mkono msikimbilie namba tano kwenye mwendo wa kilomita 40. Injini inayotetemeka inaumia, haiokoi kitu.

Yaliyotusaidia ni madogo. Upepo wa matairi tunapima kila baada ya wiki mbili, tukifuata kibandiko kilicho mlangoni kwa dereva. Tumeshusha keria iliyokuwa juu ya paa bila mzigo. Barabara ya Shinyanga hatuzidi kilomita 80 kwa saa. Sokoni na shule tunaunganisha safari moja. Kuzima injini gari likiwa limesimama si vibaya. Zamani tulikuwa tukiiacha inguruме bure foleni ya pantoni Kigongo, kabla ya daraja kufunguliwa Juni 2025. Ila kama betri yako ni ya kusukumwa, subira ya dakika moja usiizimie.

Siku hizi tukiteremka Bugando tunaweka gia kwenye 2, injini inalia njia nzima. Mdogo wetu hulalamika kwamba gari linapiga kelele. Tunamwambia alivumilie.